Chai ya Rwanda Sebuleni Kwangu

Nimechuma chai tangu nikiwa msichana, vidole vyangu ni vyeusi mpaka leo. Kwa hivyo lori la Rwanda lilipoingia mtaroni mbele ya boma langu hapa Kedowa, sikudhani kuna mtu wa kunifundisha mambo ya majani.

Turubai lilikuwa limepasuka upande mmoja. Ndani ni chai iliyokwisha kukaushwa, kwenye mifuko ya karatasi, inaenda mnada wa Mombasa. Na mvua yetu ikishafunga kule msituni, haibishi hodi. Dereva alikuwa anatazama juu kama mtu anayetazama mgonjwa.

Majirani walikuja, lakini mikono mfukoni. Shemeji yangu, ndugu ya marehemu mzee wangu, akasema hiyo ndiyo inakuja kuangusha bei yetu, wacha inyeshewe. Wakacheka. Nikawaambia mwenye maneno na Rwanda aende Rwanda, huyu ni mtoto wa mtu. Nikamwonyesha dereva jikoni kwangu, paa halivuji, alete ile mifuko iliyo wazi.

Akachungulia, akarudi nyuma. "Hapa hapana, mama."

Damu ikanipanda. Jiko hilo limelea watoto saba! Shemeji akaniuliza kama sasa nimeshiba mgeni wangu. Ngurumo ikapiga, karibu.

"Chai inakunywa harufu," dereva akasema, sauti imemwisha. "Ikinuka moshi, Mombasa wataikataa. Sisi hatuna bahari, mama. Tunauzia mlangoni kwenu."

Nikafungua sebule, mahali hata wajukuu wangu hawaingii na viatu, nikaanza kutoa viti na vitambaa vyake. Nikashika pembe ya mfuko wa kwanza, dereva akashika ingine. Watu kuona bibi mzima anahema, mikono ikatoka mfukoni. Mvua ilianguka mfuko wa mwisho ukivuka kizingiti.

Jiko na sebule ni ukuta mmoja, kwa hivyo nikamwagia moto maji. Mimi na dereva tukala ugali baridi na maziwa.

Jioni shemeji akaja mbio kwenye mvua. Ameona boma halitoi moshi. Anataka kujua nani amekufa.

"Hakuna aliyekufa," nikamwambia. "Ingia. Lakini hilo koti acha nje, linanuka mbuzi."

Akalivua, akalitundika kwenye ua, likanyeshewa.