Taa zinawaka, redio ya Zuhura haisikiki

Jumatatu, Juni 5, mwaka 2023. Saa kumi na moja jioni, kitongoji cha Mikokoni, mwendo mfupi wa pikipiki kutoka Madimba, kinapiga vigelegele. Umeme umewaka. Mgeni rasmi ameshakata utepe, ameshakunywa soda yake, na gari lake limeshageuza. Ndani ya nyumba ya pili kutoka barabarani, Shafii Mchopa anachomeka redio ukutani kwa mara ya kwanza maishani mwake. Anazungusha kitufe polepole. Badala ya kuisikia dunia, anasikia mngurumo, kama mashine ya kusaga isiyo na mahindi.

"Nilidhani nimekosea kuchomeka," anasema. "Nikachomoa, nikaweka betri. Mngurumo ule ule. Nje watu wanacheza, mimi ndani nimekaa kitako, naona mambo yangu yamekwisha."

Siku iliyowafurahisha wote ndiyo iliyomharibia yeye. Miaka imepita, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyekuja kumuuliza kulikoni.

Asubuhi hii ya Septemba Shafii yuko kwenye majaruba ya chumvi, suruali imekunjwa hadi magotini, anakwangua chumvi kwa ubao wenye mpini mrefu na kuirundika pembeni. Ana umri wa miaka sitini na mitatu. Visigino vimepasuka, macho yamekuwa mekundu kwa mng'ao. Mfuko wa kilo hamsini anauza shilingi elfu sita hapo hapo shambani. Msimu ukienda vizuri anakula wali, ukienda vibaya anarudi kwenye mihogo.

Ukimuuliza kazi, atakwambia ni chumvi. Ukimuuliza maisha, atashika sikio.

Kwa miaka mingi yeye na marehemu mkewe, Zuhura, walishindana na watu wachache wa Mtwara kusikiliza redio za mbali. Hawakuwa wakitafuta taarifa ya habari. Mchezo wenyewe ni kukinasa kituo cha mbali kabisa kwenye masafa mafupi, kuandika ulichosikia, yaani saa, wimbo, maneno ya mtangazaji na jina la kituo, kisha kuwapelekea wenyewe kwa posta. Wakiridhika kwamba kweli umewasikia, wanakutumia kadi ya uthibitisho. Bila kadi hujasikia kitu. Mwisho wa mwaka kadi zinamwagwa mkekani, mwenye vituo vya mbali zaidi anashinda, na aliyeshindwa anapika pilau.

"Pilau ya Winchi tumeila sana," anasema Shafii, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka.

Winchi ni Petro Haule, fundi umeme mstaafu wa bandarini, mkazi wa Shangani. Leo amekuja kumtembelea mwenzake na amekaa juu ya ndoo aliyoigeuza. Redio yake ni ya bei, ina vitufe vingi kuliko simu. Lakini mjini kuna runinga, kuna chaja, kuna taa kila pembe, na vyote hivyo vinapiga kelele kwenye masafa mafupi. Mikokoni ilikuwa gizani, na giza lile lilikuwa kimya.

"Huyu mla mihogo alikuwa ananifunga na redio iliyofungwa kwa kamba," Petro anasema. "Tena wala siyo yeye aliyenifunga. Ni mama."

"Na mimi nilikuwa nafanya nini?"

"Ulikuwa unapanda minazi kufunga waya wa kunasia redio. Kazi ya kima hiyo."

Wanacheka wote wawili. Kisha Shafii anainamia chumvi yake. "Kweli," anasema. "Masikio yalikuwa ya Zuhura."

Zuhura alimaliza darasa la saba. Shafii aliishia la nne, kwa hiyo kuandika kulikuwa jambo la mkewe. Alikuwa na uwezo wa kutambua lugha asiyoijua kwa namna watu wake wanavyovuta pumzi. Na alikuwa mkali. Mwaka mmoja walinasa kituo cha Amerika ya Kusini, wakasikia kila kitu isipokuwa jina. Petro mwenyewe, mpinzani wao, akawashauri waandike tu, kwa kuwa kwa saa ile na mahali pale kwenye mkanda wa masafa isingekuwa redio nyingine. Zuhura akakataa.

"Aliniambia, 'Baba Zawadi, hatuwadanganyi watu wa redio. Wao hawatuoni, wanatuamini tu.' Mwaka huo pilau tulipika sisi."

Adui yao alikuwa betri. Zikichoka, Zuhura alizianika juani kwenye ungo, kando ya makopa ya mihogo, zipate nguvu ya kumalizia kipindi kimoja. Ndiyo maana hakuna aliyeutaka umeme Mikokoni kama yeye. Gesi ilikuwa inachakatwa jirani pale Madimba na kusafiri hadi Dar es Salaam, huku wao wakiwasha vibatari. Wapimaji walipokuja kutafuta pa kusimamisha nguzo, majirani walivutana. Zuhura akawaonyesha kona ya shamba lake la mihogo. "Ichimbeni hapa," akawaambia. "Mimi nataka redio isiyoomba betri."

Nguzo hiyo hapo. Ukisimama jarubani unaiona.

Julai mwaka 2022, alfajiri, Zuhura alinasa kituo kidogo cha kisiwa kimoja cha Bahari ya Pasifiki, upande wa pili wa dunia. Huwa kinafika Mikokoni miezi ya baridi na ukavu tu, muda mfupi kabla jua halijachomoza. Akaandika saa. Akaandika wanawake wanaimba, wanapiga makofi, mwanamume anasema. Akamshika mumewe mkono akae kimya, maana jina lilikuwa linakuja. Betri zikazima.

"Hakulia wala nini. Alisema, 'Hao ni wetu, tutawapata tu.' Akaenda kuanika betri."

Hawakuwapata tena mwaka ule. Februari iliyofuata presha ilimpanda Zuhura. Gari la wagonjwa halikuwepo, lilikuwa limeitwa kwenye msafara wa kiongozi aliyekuja kukagua miradi. Zuhura alipakiwa kwenye bajaji, akafia njiani.

"Gari la wagonjwa lilikuwa linawasindikiza watu wenye afya zao," anasema Shafii. Anachota chumvi, anaitupa kwenye rundo kwa nguvu kuliko inavyohitajika. "Hilo niandikie hivyo hivyo."

Miezi minne baadaye umeme ulifika. Mgeni alitoa hotuba ndefu. Jina la mwenye kona ya shamba halikutajwa.

Kadi zao zote zina majina mawili, Shafii na Zuhura Mchopa. Nusu ya taarifa ya kisiwa kile anayo bado, kwa mwandiko wa mkewe. Anatafuta nusu iliyobaki: jina. Kulikisia wamelikisia, kwa saa na masafa, lakini anataka litamkwe na wenyewe, alisikie kwa masikio yake. Akishaipata hiyo kadi, anasema, ataushusha waya wake minazini na kustaafu mchezo.

Alikwenda ofisi ya umeme mjini. Kijana wa dawatini alimsikiliza huku akichezea simu.

"Mzee, taa zinawaka?"

"Zinawaka."

"Feni inazunguka?"

"Sina feni."

"Basi hakuna tatizo."

Mvua za kwanza ndizo zilizomfumbua macho. Iliponyesha usiku kucha, asubuhi mngurumo ulikuwa umekatika, redio safi kama zamani. Siku chache za jua, ukarudi. Alimpigia Petro, na Petro akaja na darubini yake ya bandarini, akaitazama nguzo kwa muda mrefu.

"Vile vikombe vya kaure vinavyoshika waya kule juu vimeshika chumvi, tangu kabla umeme haujawashwa," Petro anaeleza. "Umeme unavuja juu yake, unatoa kelele. Bandarini tulikuwa tunaviosha. Na vipo vikubwa vya kuwekwa pwani. Huyu mkandarasi alipewa kazi ya pwani akaleta vikombe vya bara. Aliyekuja kuikagua kazi sijui alikagua nini."

Shafii alikaa chini. Chumvi ile ilitoka wapi, kama si kwenye majaruba yake? Upepo unaichukua kwenye marundo anayoyakwangua yeye na kuipandisha nguzoni. Jua likiwaka anapata chumvi na kukosa redio. Mvua ikinyesha anapata redio na kukosa chumvi. Na kisiwa cha Zuhura hakiji kwenye mvua. Kinakuja miezi hii hii ya jua kavu, nguzo inaponguruma kuliko wakati wowote.

Alirudi ofisini mara ya pili. Aliambiwa kuosha vikombe hakumo kwenye bajeti ya mwaka. Mara ya tatu aliambiwa atapigiwa simu.

Mwezi huu habari imekuja mbaya zaidi. Petro amesoma kwenye mtandao kwamba kile kituo kinazima mitambo yake ya masafa mafupi tarehe 30, hakitarudi. Binti wa Shafii, Zawadi, anayeishi Ufukoni, alitaka kumsaidia baba yake.

"Baba, si usikilize kwenye simu? Wanapatikana."

"Mwanangu, huko siyo kusikia. Huko ni kuletewa."

Wiki iliyopita wazee hawa walichukua bodaboda mbili hadi Msimbati, wakasogea kwa miguu upande wa mdomo wa Ruvuma, mahali ambapo hakuna nguzo wala taa. Walitandaza waya kwenye mchanga wenye majimaji. Petro alishika redio, Shafii akafumba macho.

Kukapambazuka kidogo, wakaja. Wanawake wanaimba. Makofi. Sauti ya mwanamume ikasema maneno mawili, matatu, na jua likachomoza. Masafa yakanyauka palepale, kama kawaida yake. Jina halikufika.

"Zuhura alikuwa anauimba ule wimbo wao akimenya mihogo," anasema Shafii. "Miezi yote ile. Mimi nilikuwa nasikiliza redio, sikumsikiliza yeye. Angekuwepo pale mchangani angesema ndiyo au siyo, basi."

Kurudi Msimbati kila alfajiri hawezi. Nauli na betri vinameza mifuko ya chumvi, na goti la Petro limevimba. Ombi lake kwa wenye ofisi ni dogo: wazime laini kwa nusu saa, mtu apande, vikombe vioshwe kabla ya tarehe 30. "Maji nitachota mimi. Ngazi nitaazima mimi. Wao walete mtu tu na ruhusa."

Hadi leo simu haijaita.

Petro anatoa karatasi mfukoni. Juu ameandika majina mawili, Shafii na Zuhura Mchopa. Amenakili nusu ya Zuhura neno kwa neno, akaongeza ya Msimbati. Imebaki mistari miwili mitupu: mahali pa jina la kituo.

"Wale wanafunga, bwana. Watamtumia kadi kila atakayeandika, kwa kuaga tu," anasema. "Na mimi ndiye mpinzani wako, nakwambia sitaweka pingamizi. Posta inakwenda leo."

Shafii anafuta mikono kwenye suruali, anaipokea karatasi. Hasomi haraka. Kidole kinapita juu ya jina la mkewe, kinashuka, kinafika kwenye mistari mitupu, kinasimama. Nyuma yao, kwenye kona ya shamba la mihogo, nguzo inatoa sauti yake ndogo ya nyuki.

Anamrudishia. Anachukua ubao wake, anashuka tena majini na kuanza kukwangua.

Petro ananyanyuka kwenye ndoo, kalamu mkononi, anapaza sauti.

"Shafii! Niandike ni wao, nisiandike?"