Aliyesimama Chini ya Maneno Yake

Alhamisi nilikuwa kibarazani hapa Walukuba, nachambua mukene, wale dagaa wetu wa Masese, simu ikalia. Alikuwa mke wa rafiki yetu mmoja wa zamani, kutoka Malukhu kule Mbale. Hakusalimu. Alisema tu, "Dada, yule mtu wa maneno amenyamaza," nikajua mumewe amefariki. Ninyi mnaonisoma mnaijua tabia yangu: majina yote ninayo kichwani, ya watu, ya watoto wao, hata ya yule mbwa wa getini, lakini gazetini simtaji mtu. Basi nitamwita Mkongo, kama tulivyomwita sote, naye akaitika miaka yote bila kununa.

Kazi yake ilikuwa ngeni kwetu. Miaka hiyo, karibu na kibanda changu cha chai palikuwa na yadi ya kreni, zile mashine ndefu za kunyanyulia mizigo. Nyingi zilinunuliwa kuukuu kutoka Ufaransa, zikaja na vitabu vya Kifaransa ambavyo hakuna aliyeweza kuvisoma. Mhandisi, Mkenya mmoja mwenye haraka zake, alitaka Kiingereza. Dereva naye hivyo hivyo. Ndipo akaletwa Mkongo avigeuze: kulabu, minyororo, breki, mikanda ya kunyanyulia, kila kitu kipate jina lake. Mimi nilidhani mtu wa kazi hiyo hukaa ofisini. Yeye alikaa kwenye benchi langu, kwa sababu wafunga mizigo walikula kwangu, na hakuandika neno mpaka amemwona mtu akilifanya. "Hili bado, mama," alikuwa akisema, kalamu iko sikioni. "Hili neno halijatembea." Sasa, mkubwa wa wafunga mizigo alikuwa mume wangu. Yeye ndiye aliyepitisha mikanda chini ya mzigo, akaivisha kwenye kulabu, kisha akabaki pale pale karibu, akimwongoza dereva kwa mikono. Kwa hiyo kila neno la Mkongo lilikuwa linaning'inia juu ya kichwa cha baba wa watoto wangu, na mimi nililijua hilo kila nilipomimina chai.

Siku moja alikwama kwenye sentensi ya mikanda miwili inayobeba mzigo mmoja: ikikaribiana inabeba vizuri, ikipanuliwa sana inachoka upesi. Kiingereza chake alikuwa nacho, lakini alitaka kuona. Akachukua mkungu wangu wa matoke, akaufunga kamba mbili, akautundika kwenye boriti ya kibanda, akawa anazitenganisha kamba kidogo kidogo. Nikamwambia, "We Mkongo, chini hapo pana sufuria." Akasema, "Naiona, mama." Kamba moja ikakatika, matoke yakaingia kwenye maharage, puu! Watu walicheka hadi boda zikasimama barabarani. Yeye, mchuzi unamtiririka shatini, alikuwa anaandika. "Mama, sasa limetembea!" Nikamuuliza, "Na maharage yangu, utayatafsiri kwa lugha gani?"

Ukurasa uliomchelewesha kuliko yote ulikuwa ule wa ishara za mikono. Mhandisi alimfokea mbele za watu: "Bwana, hiyo ni picha! Mkono nao unataka tafsiri?" Akajibu kwa upole, "Afande, chini ya picha kuna maneno, na kuna mtu atakayeyaamini." Asubuhi baada ya asubuhi yeye na mume wangu walisimama mbele ya kibanda wakipunga mikono. Kidole kinaelekea chini na kuzunguka: shusha. Kiganja cha mkono wa pili kinatulia juu yake: polepole. Watoto wa shule wakipita waliwaiga. "Wazee wanacheza dansi, muziki umekataa!"

Ikaja siku ya kunyanyua mzigo wa kwanza kwa kufuata kitabu chake, tangi la chuma la kiwanda. Mke wake alikuwa amekuja kutoka Mbale na mimba yake kubwa, ameketi kwangu. Tukamwona Mkongo anavaa kofia ngumu na kwenda kusimama kando ya mume wangu. Mhandisi akapaza sauti: "Wewe ni mtu wa karatasi, toka hapo!" Naye: "Karatasi ni yangu, afande. Ikiwa imedanganya, isinikute mbali." Mke wake akanishika mkono. "Dada, mwambie atoke." Ningemwambiaje, na wangu yuko pale pale? Tangi likapanda, likaning'inia, halafu kengele ya kreni ikalia, kali kabisa. Kwa umbali ule, mzigo ulikuwa umezidi uwezo wa kreni. Dereva akasita, hajui apandishe au aache. Kitabu kilisema kengele ikilia usilazimishe, shusha. Mume wangu akamtazama Mkongo, Mkongo akaitikia kwa kichwa. Kidole kikaelekea chini, kikazunguka, kiganja kikatulia juu yake. Tangi likarudi ardhini kama mtoto anayelazwa. Wakaisogeza kreni karibu, wakanyanyua upya, ikawa kazi ya kawaida. Walipokuja kula, mke wake akamgeukia. "Siku moja hayo maneno yako yatakuangukia!" Mkongo akamega chapati. "Ndiyo maana nayaandika polepole."

Siku hizi naambiwa simu inageuza kitabu kizima kabla sijasuuza kikombe. Siibezi, pengine hata haikosei. Lakini simu haina mke aliyeketi kwenye benchi ameshika mkono wa mwenzake. Na jambo hili si la kreni tu. Mtu anaandika agizo, anatia saini, anasema jengeni hapa, piteni pale, kisha huyo anakwenda kwake mbali, kwenye kivuli. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mwepesi. Mkongo ndiye mtu niliyemwona akikataa kuufanya usufi.

Jumamosi tulikwenda kumzika, mume wangu na fimbo yake. Huku kwetu marehemu hakuwa na ardhi. Ukoo wa mkewe ulimpa mahali kwenye shamba la kahawa, mlimani juu ya Mbale. Mvua ilikuwa imenyesha. Vijana wakaanza kulishusha jeneza kwa kamba, wa huku wanalegeza upesi, wa kule wameng'ang'ania, jeneza likainama upande wa kichwa. Mjane akapiga ukelele: "Ataanguka!" Mume wangu akanipa fimbo. Akasogea mpaka ukingoni, kwenye tope, mahali ambapo mzee wa magoti yale hapaswi kusimama. Akanyoosha kiganja kwanza, wote wakatulia. Akawaonyesha wa kule walegeze, jeneza likakaa sawa. Kisha kidole kikaelekea chini, kikaanza kuzunguka, na kiganja cha pili kikatulia juu yake. Vijana hawakumwondolea macho, na jeneza likashuka, likatua.

Kijana mmoja, akipangusa tope mikononi, akamuuliza, "Mzee, ile ishara maana yake nini?" Mume wangu akapokea fimbo yake kwangu, akamtazama mjane. Mjane ndiye aliyesema. "Polepole. Aliiandika mume wangu."

Mimi shule yangu ni ndogo, sina cha kuongeza hapo ila hiki: ukimwambia mwenzako "nyanyua", nenda kasimame naye.