Rangi ya Kucha kwenye Boliti

Kwenye gereji ya baba yangu, mjini Kamembe, aliyekaza boliti hakuruhusiwa kuiwekea alama. Alama aliiweka mwenzake, baada ya kuijaribu kwa spana yake mwenyewe: mstari mmoja wa rangi nyekundu ya kucha, kutoka kichwa cha boliti hadi kwenye chuma kilichobanwa. Boliti ikilegea kidogo tu, mstari unakatika na macho yanaona. Baba alivinunua vile vichupa sokoni kwa akina mama wauza vipodozi, bila haya, na wateja wapya walicheka wakituona wanaume wa grisi tukichovya kile kibrashi. Wakishamaliza kucheka, aliwaambia kwamba aliyekaza anaweza kujidanganya, ila aliyeweka alama ndiye atakayeulizwa.

Nilikuwa na miaka minane ndani ya gereji hiyo na bado sikuruhusiwa kufungua injini bila baba. Breki, sawa. Klachi, sawa. Ikifika injini, alisimama nyuma yangu akinipumulia shingoni, nami nilikuwa baba wa watoto wawili. Iliniudhi sana, sitaficha.

Ndipo akaja mfanyabiashara mmoja kutoka Bukavu na gari lake la turbo. Lilikuwa linachelewa kuvuta kwenye milima ya kwenda Nyungwe, na ndugu yake alikuwa amemletea kutoka Dubai pinyo mbili za kamshafti, za kurekebishwa. Kamshafti ndiyo inayofungua na kufunga valvu. Pinyo ni lile gurudumu la meno linaloizungusha kwa mkanda. Pinyo ya kawaida ni kipande kimoja, haina mjadala. Hizi zilikuwa vipande viwili vilivyoshikwa na boliti tano: unalegeza, unasogeza digrii chache, unakaza. Tulichotaka ni valvu za hewa na valvu za moshi zisikae wazi pamoja muda mrefu, ili hewa inayosukumwa na turbo isipotelee kwenye ekzosi.

Baba alizigeuza mkononi, akatuita mimi na rafiki yangu.

"Hii mutaifanya nyinyi wawili," alisema. Kisha akanitazama mimi, akagusa injini. "Ikitoka muzuri, utafunguaka moteri bila miye."

Huyo rafiki yangu alikuwa akivuka mpaka kila asubuhi kutoka Bukavu. Tulianza kazi wiki ile ile, tukaungua na mafuta yale yale. Mwanangu wa kwanza alipolazwa hospitali ya Gihundwe, yeye ndiye aliyepanda kwa miguu na chupa ya uji. Alikuwa Mkristo, na mwezi wa Ramadhani alikwenda kunywa maji nyuma ya ukuta ili asinitamanishe. Ungeniuliza nina ndugu wangapi wa kiume, ningemhesabu.

Tulifanya kazi Alhamisi nzima na Ijumaa asubuhi. Pinyo ya hewa niliikaza mimi, akaijaribu, akaweka alama zake. Ya moshi aliikaza yeye. Tuliizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, taratibu, tukasikiliza. Hakuna kilichogusana. Nilikuwa natoa spana yangu mfukoni adhana ilipoanza.

"Kwenda tu ku musikiti, utachelewa," aliniambia. "Zote nishakaza. Tia alama."

Nikaweka. Boliti tano, mistari mitano, na spana imerudi mfukoni. Sikutaka kuzijaribu boliti zake wakati ameshanipa neno lake; niliona ningemtukana. Nikaenda kuswali nikiwa na furaha kama bwana harusi.

Jumamosi asubuhi mwenye gari alilichukua akapandisha nalo. Kabla ya saa nne likarudi likiburutwa na lori. Alikuwa amepita Giheke tu, akasikia kelele kama ya misumari ikimwagwa kwenye sinia, na injini ikazima.

Baba alifungua kifuniko mwenyewe. Kwenye pinyo ya moshi boliti mbili zilikuwa zimetoka kabisa; moja ilikuwa imeingia chini ya mkanda, mkanda ukaruka meno, pistoni zikapiga valvu. Boliti tatu zilizobaki zilikuwa na mistari yangu, imekatika yote.

"Nani alikaza?" baba aliuliza.

"Ni miye, Mzee," rafiki yangu alijibu. Kabla sijavuta pumzi akaendelea: "Lakini za moshi nilikuwa sijamaliza. Nilimuambia angoje na alama. Alikuwa na haraka ya kusali."

Alisema kwa upole, akiitazama ile boliti. Masikio yaliniwaka. Angesingizia uzembe wangu, usingizi wangu, chochote, ningekasirika tu. Yeye alichukua sala yangu, aliyoiheshimu miaka minane, akanipiga nayo mbele ya baba.

Nikasema anadanganya. Baba hakuonekana kusikia.

"Uliweka kle ku boliti?" aliniuliza, akinyooshea kidole spana mfukoni mwangu.

"Baba, aliniambia kama..."

"Nimekuuliza, uliweka kle?"

"Hapana."

Akamgeukia mwenye gari. "Papa, utusamehe. Ni kosa ya mutoto wangu."

Jioni nilimfuata rafiki yangu hadi mpakani, kwenye daraja wanaloliita kilalo, nikamshika mkono penye foleni ya akina mama wa nyanya. Nilidhani atakataa. Hakukataa.

"Weye uko mutoto wake," alisema. "Ata akasirike, ni siku mbili tu. Miye angenivukisha kilalo leo leo, na nisirudi tena."

"Alinipa moteri," nilimwambia. "Unajua alinipa moteri."

"Najua."

"Basi umuambie."

Akasema, "Siku ya kwanza, asubuhi. Nitamuambia yote." Alimaanisha Jumatatu. Nikamwachia mkono, nikamwamini tena. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko mengine yote. Jumapili nzima nilikaa nyumbani nikipanga nitakavyomsamehe, hata nikachagua maneno.

Jumatatu nilimkuta ameshafika. Kichwa cha injini kilikuwa juu ya meza na valvu zilizopinda zimepangwa pembeni. Baba aliniambia nirudi kwenye magurudumu, na injini ile ataimaliza mwenzangu. Rafiki yangu alinisalimia vizuri, akauliza watoto wameamkaje. Baba alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, mikono mitupu, hana haraka. Nikasimama na gurudumu langu, nikangoja amwambie.

Rafiki yangu aliinamia injini. Akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, alivyozoea kunifanyia.

"Nipatie kle ya kumi," alisema.

Nikampa.