Bomba Nililolifunga kwa Kamba ya Katani

Watu wazima na watoto wa mtaa wetu hapa Kilosa wananiita Fundo, na wageni hudhani ni jina la sifa kwa sababu nilifanya kazi miaka mingi kwenye mkonge. Si la sifa hata kidogo. Nililipata siku moja ya aibu, mbele ya nyumba kumi nzima, nikiwa nimelowa kuanzia kifuani hadi magotini, na leo nasimulia mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wale wanaopenda kutia chumvi (ingawa kwa kweli mkasa huu hauna pa kutia).

Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la sita. Siku ya kuanua matanga ukoo ukakaa kutugawa kama sahani za kuazima baada ya harusi: mdogo wangu Esteri aende Zombo kwa baba mdogo Yohana, Daudi kitinda mimba aende Magole kwa shangazi, na mimi nijue la kufanya. Nikasimama nikasema hatugawanyiki, naacha shule, natafuta kazi, tutakaa pamoja. Baba mdogo akakubali, ila kwa sharti.

"Haya," akasema. "Lakini siku nitakayoona watoto wa kaka yangu wanateseka nitawachukua, na hutanijibu neno."

"Ndiyo, baba."

Nikapata kazi ya kufunga marobota kwenye shamba la mkonge, na chumba cha uani kwa Mama Sauda, mjane mwenye nyumba karibu na stesheni. Chumba kilikuwa kizuri, ila kilikuja na bomba lake la maji, limetoka ukutani kwa nje usawa wa goti, na kodi ya bomba ilikuwa ndani ya kodi ya chumba, ulitumie usilitumie. Mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu kwamba maji ya Mto Mkondoa hayana kodi, na kila senti ninayookoa ni sare ya shule ya mtu.

"Mama," nikamwambia, "sisi tutachota mtoni. Hilo bomba niondolee."

"Mwanangu, chumba na bomba ni mtu na mkewe. Ukimchukua mmoja umewachukua wote wawili."

"Basi umeniozesha mke nisiyemhitaji."

"Wanaume wengi wameozeshwa hivyo na wanalisha."

Huyo ndiye Mama Sauda, humuwezi kwa maneno, kwa hiyo nikaamua kumweza kwa vitendo. Nikaleta kamba ya katani kutoka kazini, nikazungusha mkono wa bomba na bomba lenyewe, nikalifunga kwa fundo la robota, lile ambalo likikazwa hata winchi ya bandari ikilivuta haliachii, nikamwita aje aone. "Siku utakayolikuta limefunguliwa, nitakulipa bila neno. Likikaa hivi hivi, unipunguzie." Akacheka, akaingia ndani. Na mimi kwa majivuno (hapa ndipo nilipojichimbia shimo) jioni ile nikawaonyesha wadogo zangu jinsi fundo lile linavyofungwa na kufunguliwa, mara tatu, polepole, ili wastaajabu. Wakastaajabu kweli.

Miezi ikapita, kiangazi kikaingia, fundo likabaki pale pale na kodi ikabaki pale pale. Mimi niliondoka alfajiri kwa baiskeli wadogo zangu wamelala, nikarudi jioni nikakuta pipa limejaa, Esteri ameshasoma, na bustani ndogo ya mchicha chini ya dirisha imestawi kiangazi kizima wakati michicha ya majirani imekauka ikawa kama ugoro. Sikujiuliza swali hata moja. Nilichuma tu nikagawia watu, mpaka balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Chilongola, niliwahi kumpelekea fungu.

Basi Jumamosi moja baba mdogo Yohana akaja kututembelea, na Jumapili baada ya kanisa kukawa na mkutano wa nyumba kumi uani kwa balozi, habari za usafi wa mitaro. Ningenyamaza tukajadili mitaro. Lakini nikajiambia, leo baba mdogo atamwona kijana wa kaka yake anavyosimama mbele za watu, na siku zile sote tulikuwa tumejaa maneno ya redioni, nikanyoosha mkono.

"Ndugu balozi, ndugu wananchi! Tumejitawala, lakini bado kuna mirija. Mimi nalipia maji nisiyoyanywa! Huu si unyonyaji ni nini?"

Watu wakapiga makofi. Mama Sauda akajifunga khanga vizuri. "Nani kasema huyanywi?"

"Fundo ndilo shahidi! Na mdogo wangu Esteri ndiye shahidi! Kila asubuhi kabla ya shule anakwenda mtoni na ndoo mara mbili, na jioni mara mbili. Hata ule mchicha wangu uliomfurahisha Mzee balozi umenyweshwa kwa maji ya kichwani mwa mtoto yule!"

Makofi yakawa makubwa zaidi. Nikageuka kumtazama baba mdogo nipate sifa zangu. Alikuwa amesimama, na hakupiga makofi.

"Ndoo nne?" akauliza.

"Nne, baba," nikasema kwa fahari.

"Toka hapa mpaka mtoni?"

"Na kurudi, baba."

"Kesho asubuhi Esteri na Daudi wafunge nguo zao. Nawachukua."

Jamani, tulikuwa tumekubaliana sitajibu, na ushahidi nilikuwa nimeutoa mwenyewe, kwa sauti, na mkono juu. Balozi akaona hali imechafuka, akasema kwanza twendeni tukalione fundo lenyewe, mkutano mzima ukahamia uani kwa Mama Sauda. Fundo lilikuwepo. Nikachuchumaa chini ya bomba nikalionyesha kwa kidole, nikijaribu angalau kushinda moja.

"Limeguswa hilo? Semeni, limeguswa?"

Mama Sauda hakuwa anatazama fundo. Alikuwa anautazama mchicha, na udongo uliolowa.

Esteri akatoka katikati ya wanawake. "Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, usinichukue. Mimi siendi mtoni."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya pili."

Akainama, akavuta ncha moja, akavuta ya pili, kamba ikaanguka, akazungusha mkono wa bomba kuthibitisha, na mimi nilikuwa bado nimechuchumaa pale na kidole changu hewani. Maji yalitoka kama yamekuwa yakinisubiri mimi.

Nilipoinuka suruali yangu ya kanisani ilikuwa inasimulia habari ambayo haikuwa kweli, na nyumba kumi zilikuwa zimeshikana mabega zisianguke. Mama Sauda akangoja watulie kidogo, ndipo akasema, "Bwana mirija, mrija ndio huo. Nyonya!" Wakaanza upya.

Baba mdogo hakucheka bado. "Esteri, kwa nini ulifungua?"

"Mtoni kuna foleni, baba, ningechelewa shule, na sijachelewa hata siku moja. Nikishachota nalifunga tena kama Kaka alivyotuonyesha. Na maji yenyewe alishayalipia. Niliona ni dhambi kuyaacha yakae tu ndani ya chuma."

"Mbona hukuniambia?" nikauliza.

Akaniangalia kwa huruma. "Ulikuwa unalipenda sana fundo lako, Kaka."

Hapo baba mdogo akacheka mpaka akafuta machozi, na hatukuwa tumemsikia akicheka tangu msiba. "Wakae," akasema. "Watoto hawateseki. Anayeteseka hapa ni huyu aliyelowa."

Na balozi, kwa kuwa ni mtu wa haki, akarudi kwenye hoja yangu. Akasema ni hoja safi, asiyetumia asilipe, na pale pale Mama Sauda akampunguzia kijana wa reli wa chumba cha mbele ambaye kazi ilimweka safarini wiki nzima nzima, na bomba lake kweli halikuguswa. Nilishinda, kwa ajili ya kila mtu isipokuwa mimi.

Esteri alimaliza shule, leo ni mwalimu, na mpaka sasa nasema bila kutetereka kwamba siku ile hoja yangu ilikuwa sawa. Kilichokuwa si sawa ni kuapia mambo ya nyumba ninayoiacha alfajiri na kuirudia jioni. Sirudii tena. Siku hizi kabla sijasema neno la kwangu mbele za watu, kwanza nakwenda uani nashika udongo chini ya bomba.