Choo Anachoingia Mkwe

Mwaka ule wa kipindupindu, kilichonitawala si hofu bali kinyaa. Ploti yetu Lodwar ilikuwa na choo kimoja kwa wapangaji wote, na mwenye ploti alijua tu kuongeza vyumba vya mabati. Shimo lilijaa hadi mdomoni. Funza walitambaa ukutani, na nzi wa humo ndio hao hao waliotua kwenye ugali wetu. Mimi nilikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea. Nilizunguka mtaani na dawa ya maji, nikihimiza watu watumie choo huku nimeziba pua.

Mama yangu, aliyekuwa akiishi nami na mume wangu, hakuwahi kuingia mle.

"Mkwe anaingia hiyo choo," aliniambia. "Mimi niweke yangu juu ya yake?"

Kwetu Waturkana hiyo ni aibu kubwa. Basi alishuka lagani, mto mkavu nyuma ya nyumba, kwenye mchanga ule ule ambamo majirani walifukua maji ya kunywa kwa kuchukia harufu ya dawa kwenye maji ya bomba. Naye aliyanywa, akayasifu ni matamu. Nilimgombeza, nikambembeleza, nikanuna. Alinitazama kana kwamba mchafu ni mimi.

Haikupita muda akaanza kuhara. Tulimkuta mchana amejikunja mchangani, macho yamezama, hata sauti hana. Mume wangu alimbeba mgongoni hadi kwenye hema la wagonjwa. Humo walilazwa kwenye vitanda vya turubai vyenye tundu katikati na ndoo chini yake. Uvundo ule, hata leo nikiukumbuka, chakula hakishuki. Wauguzi walikuwa wamezidiwa, nami nimeshikilia chupa ya dripu, wakati ndoo ya mama ilipojaa kile kinyesi cheupe kama maji ya kuoshea mchele. Mume wangu akainama, akaibeba, akaenda kuimwaga.

Mama aliona. Akavuta shuka hadi usoni.

"Ungeniacha tu kwa laga," aliniambia.

Nilichukizwa na neno lile kuliko na ndoo yenyewe.

Alipona. Alipoweza kukaa, aliomba apelekwe Kakuma kwa kaka yangu, akaenda. Mume wangu akabomoa jiko letu la nje, akachimba hapo choo cha mama peke yake, akakitia na mlango wa mbao. Nilimpigia mama simu nikamweleza kwamba sasa anaweza kurudi, ana choo chake, kisafi, hakijaingiwa na mtu.

Akaniuliza ni nani aliyekichimba.