Kukimbia Penye Nyumba za Watu

Niseme wazi mapema: mimi si mwanariadha. Mimi ni muuza vitenge wa sokoni Soweto, Mbeya, nina miaka hamsini na mbili na nyonga za kuwatosha watu wawili. Kwa hiyo siku nilipotangaza nyumbani kwetu Ilomba kwamba naenda likizo ya kukimbia milimani, siku nne, na mwongozaji wa kutuonyesha njia, wanangu walicheka mpaka chai ikapoa. Mume wangu hakucheka.

Alikuwa na sababu. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilianguka dukani, katikati ya kumpimia mteja kitambaa, nikaja kuamka hospitalini. Presha. Daktari akaniambia nitembee kila siku, nikatembea. Asubuhi moja mvua ikanikuta njiani, nikakimbia kutafuta pa kujisitiri, na nilipofika chini ya baraza la watu nikajikuta nacheka peke yangu. Toka siku ile sikuacha. Nikajiunga na kina mama wenzangu wanaokimbia asubuhi, na kila nikirudi nina jasho na furaha ya mtoto.

Nyumbani lakini nilikuwa nimegeuzwa yai. Nikishika ndoo, nanyang'anywa. Nikikohoa, mume wangu anatafuta funguo za gari. Huyu ni mtu aliyeendesha malori miaka na miaka kwenda Tunduma na kurudi, hakuna alichokiogopa barabarani, sasa ananiuliza kila saa, "Mke wangu, uko sawa?" Niko sawa! Wallahi, swali lile lilikuwa linanipandisha presha kuliko chumvi.

"Nenda," akasema mwishowe, nilipomganda wiki nzima. "Ila na mimi nakuja, nitakaa kwenye gari la mizigo na dereva. Na ukipanda gari hilo mara moja tu kwa kuchoka, habari ya mbio imekwisha. Unatulia nyumbani tukutunze."

"Na nikimaliza kwa miguu yangu?"

"Ukimaliza sisemi neno tena."

Nikampa mkono palepale, asije akabadili mawazo.

Tulikuwa watano. Mimi, jirani yangu ambaye ni mwalimu, Mnyakyusa mwenye mdomo usiopumzika, vijana wawili wa Dar es Salaam waliooana juzijuzi, na mwongozaji wetu, dada wa Kihehe kutoka Kilolo, mfupi, mkimya, mwenye miguu ya mbuzi. Siku ya kwanza tulipanda Loleza. Mlima huo nimezaliwa chini yake. Babu yangu alitoka pwani na bidhaa zake akafungua duka mjini, baba akazaliwa hapo, nami hapo, na katika vizazi vyote hivyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupanda juu kuona kuna nini. Tuliutazama tu dirishani kujua kama mvua inakuja.

Basi nikapanda. Penye mteremko tukikimbia, penye mwinuko tukitembea na kutukana kimoyomoyo. Mwongozaji alikuwa akigeuka na kusema, "Hii likizo, mama, si mashindano." Tulipofika juu nikaona mji wote umelala pale chini, mabati ya Ilomba yanamemeta, na sokoni kwangu Soweto pamekuwa pa kufunika kwa kiganja. Nikapiga vigelegele. Vijana wa Dar wakageuza simu zao kunirekodi, nikapiga tena. Jamani, kumbe raha iko nyuma ya nyumba yako miaka hamsini na wewe unauza vitenge!

Chini, mume wangu alikuwa ameegemea gari, mlango ameshaufungua. Nikampita nikaenda kunywa maji.

Siku ya pili tulisafiri kwa gari mpaka Iringa, na kabla sijatia mguu ndani nilimtangazia mbele ya mashahidi kwamba safari hii haihesabiki, maana hakuna mtu anayekimbia kutoka Mbeya hadi Iringa. Akakubali, kwa shingo upande.

Siku ya tatu tukaingia milima ya Kilolo. Sijui niseme nini kuhusu asubuhi ile. Ukungu ulikuwa umekaa mabondeni, udongo mwekundu umelowa, njia nyembamba inakatiza msitu wa misindano halafu ghafla unatokea kwenye shamba la mahindi, na maji ya kijito baridi mpaka meno yanauma. Nilikuwa nimevaa suruali ya mazoezi, gauni la kufika magotini juu yake, na mtandio wangu wa njano, na kila nilipovuka kijito nilipiga kelele za furaha. Mwalimu akasema atanirudisha darasa la kwanza.

Kitu kimoja tu kilinikera. Kila tulipokaribia nyumba za watu, mwongozaji aliinua mkono na kusema, "Hapa tunatembea." Tunatembea, tunasalimia, "Kamwene," wanaitikia, "Kamwene," wanauliza habari za tulikotoka, tunajibu, na tukishapita nyumba ya mwisho ndipo tunaruhusiwa kukimbia. Mara ya kwanza nikaona adabu nzuri. Mara ya tano nikaanza kushuku. Damu ndiyo imechemka, miguu ndiyo imekubali, kwa nini tusimamishwe? Nikaunganisha mambo kichwani: mume wangu kamnong'oneza huyu dada. Kamwambia mke wangu mgonjwa, mpunguze mwendo kila mara. Nikanuna. Sikumuuliza mtu. Mimi nikinuna huwa siulizi, huo ndio ugonjwa wangu wa kweli, huo wa presha ni wa hospitali.

Siku ya nne, ya mwisho, ilikuwa ya kuteremka kuelekea Ilula, ambako gari lingetungoja penye meza za wauza nyanya barabara kuu. Asubuhi kulikuwa na baridi, nikavaa sweta. Jua lilipotoka nikalivua, nikalifunga kiunoni kwa kanga, nikakaza barabara. Njia ikaanza kushuka. Ah! Mteremko ule ulikuwa mpole, laini, wa kunisukuma mgongoni. Nikampita mwalimu. Nikawapita maharusi wa Dar. Upepo ukanitoa machozi, sijali, nikampita na mwongozaji mwenyewe. Mbele nikaona mapaa ya nyumba, na nyuma nikasikia sauti, "Mama, punguza! Mama, tembea!"

Ng'o! Nikasema leo sipunguzwi. Leo mtajua mimi si yai. Nikaongeza mwendo, nikaingia kijijini mbio, nikapita katikati ya nyumba machozi yakinitiririka, kanga kiunoni, na wenzangu wanne nyuma wananifukuza wakipiga kelele.

Mwanamke aliyekuwa akilima kando ya njia akatupa jembe. Mwingine akatoka jikoni, akajifunga kanga kiunoni kama yangu, akaanza kunifuata. Nikageuka nikaona wamekuwa sita, wamekuwa kumi, mikono kichwani. Wawili walikuwa na simu masikioni. Mmoja akaanza kulia kwa sauti. Hapo nikasimama. Bibi mmoja mkongwe akanijia na sahani ya unga mikononi, akanishika bega.

"Pole mwanangu. Nani katutoka?"

"Hajatutoka mtu, bibi. Nakimbia tu."

"Unakimbilia wapi?"

"Ilula."

"Ilula kuna nini?"

"Hakuna kitu, bibi. Kuna gari."

"Unaliwahi hilo gari?"

"Hapana. Sitaki kulipanda."

Bibi akanitazama, akautazama unga wake, akanitazama tena. Namshukuru Mungu mwongozaji akafika, akaeleza kwa Kihehe, maneno mengi, huku akinionyesha kwa kidole. Halafu yule aliyekuwa akilia akaanza kucheka, wakacheka wote, wakashikana mabega kwa kucheka.

"Huku kwetu mama," mwongozaji akaniambia, na ndiyo mara pekee nilipomwona amekasirika, "mtu mzima hakimbii penye nyumba. Akikimbia, ana habari ya kifo. Au moto, au mwizi. Na wewe umejifunga na kanga kabisa, unalia! Ndiyo maana nasema tutembee."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilijua unajua. Kwani kwenu mtu mzima anakimbia tu?"

Mjini kwetu anakimbia tu. Anapishana na bodaboda na hakuna anayegeuza shingo. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Mwalimu hakunisaidia. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema. "Guu langu zima," nikamjibu, lakini kwa sauti ndogo.

Majembe yalikuwa yameshawekwa chini, maana siku ya msiba hakulimwi, na yule bibi akasema hayawezi kuokotwa tena kirahisi hivyo. Ule unga wa rambirambi ukasongwa ugali. Ikaja chai, vikaja viazi, wakataka niwaonyeshe kiatu changu, wakakipokezana mkono kwa mkono. Nimehudhuria harusi nyingi zisizokuwa na furaha kama msiba ule wa bure. Tulipoaga, nilitembea kwa adabu zangu zote mpaka nyumba ya mwisho.

Tulikuwa tumeshika tena mbio, labda robo saa tu, nilipoona chini yetu, kwenye kona ya njia itokayo kwenye daraja la bondeni, mwanaume anapanda mlima mbio. Mnene. Shati limefunguka vifungo, ndala kazishika mkono mmoja. Anakimbia vibaya, magoti nje, anajikwaa, anainuka.

Sasa nilikuwa nimeelimika. "Jamani simameni," nikawaambia wenzangu. "Mnamwona yule? Huko chini kuna msiba." Nikaweka mikono mdomoni nikamwita kwa huruma yote, "Baba! Pole, baba! Nani kafa?"

Akainua uso. Miaka thelathini ya ndoa, sikuwahi kumwona anakimbia, ndiyo maana sikumjua.

"Wewe," akasema mume wangu.

Akakaa chini palepale kwenye vumbi. Mkono wake wa pili ulikuwa umeshika nyanya imepasuka, maji yake yamemshuka mpaka kwenye kiwiko, nadhani hakujua kama anayo. Mmoja wa wale wanawake alikuwa amempigia dada yake, muuza nyanya wa Ilula, kwamba kuna wakimbiaji wamepata msiba, na kwa kucheka akasahau kumpigia tena kukanusha. Habari ikapita meza kwa meza, na ilipomfikia mume wangu ilikuwa ni mama mnene wa mtandio wa njano, kaanguka ghafla. Akapiga simu yangu, ikaita ndani ya begi nyuma ya kiti chake. Akapiga ya mwongozaji, haikupatikana. Akaja na dereva kwa gari mpaka darajani, wakakuta lori la mbao limekwama, akafungua mlango akashuka, akaja kwa miguu.

"Njia nzima," akasema, na sauti haikuwa yake, "nawaza nitawaambia nini watoto. Maana mimi ndiye niliyekuruhusu."

Nikakaa naye kwenye vumbi. Mwaka mzima nilidhani mtu huyu anataka kunifungia ndani. Nilimwonea hasira kila siku, na kumbe tangu siku ile ya dukani alikuwa yuko katika mbio hizihizi, usiku na mchana, anakimbia kuja kunikuta nimekufa. Nilimwonea huruma nikalia, na safari hii haukuwa upepo.

"Twende nyumbani," akasema. "Gari liko darajani. Panda, tafadhali."

Hakuamrisha. Angeamrisha ningejua la kumjibu. Nikanyoosha mkono wangu. "Shika hapa, alipokuonyesha daktari. Kama unaona nimechoka, napanda."

Akanishika kifundo cha mkono, akainamisha kichwa akahesabu kama anavyonihesabu kila jioni. Alihesabu muda mrefu. Halafu akaweka vidole kwenye mkono wake mwenyewe, akahesabu, akakunja uso.

"Moyo wako unakwenda vizuri," akasema. "Wangu ndio mbaya."

"Basi nani apande gari?"

Mwalimu alicheka wa kwanza, Mungu amsamehe. Tukateremka naye taratibu mpaka darajani, mimi nimemshika kiwiko chenye nyanya. Lori lilikuwa limeshatolewa. Akaingia garini, akafunga mlango, akafungua dirisha lote.

Kutoka darajani hadi barabara kuu ya Ilula nyumba zimefuatana mtindo mmoja, hakuna pa kukimbia kwa adabu. Nikaanza kutembea. Nyuma yangu gari likapiga honi.

"Mbona unatembea?" akauliza mume wangu.

"Watu watadhani msiba."

"Kimbia," akasema.

Nikakimbia. Watu wakatoka milangoni, wanawake wakashika viuno, na gari likaja nyuma yangu polepole, mume wangu katoa kichwa na mabega yote dirishani, anapiga kelele kila nyumba, kulia na kushoto, mpaka sauti ikamkauka:

"Hakuna msiba, mama! Hakuna msiba, wazee! Ni mke wangu huyo! Mzima! Anakimbia tu!"