Bomba Lililofungwa kwa Jani

Saa kumi na mbili asubuhi mvua inapiga mabati ya wodi ya wazazi, hospitali ya Kondipil, na Delma Kaupa anatega ndoo chini ya mfereji unaovuja.

Ndoo zenyewe hazina maana. Hatua chache tu kutoka hapo lipo tangi kubwa jeusi, limejaa mpaka linatapika juu, maji yanapotea kwenye matope. Lakini shingo ya bomba lake imefungwa jani refu la tangawizi-mwitu. Hakuna kufuli wala askari. Ni jani tu, tena limeanza kukauka, na katika bonde hili hakuna wa kulifungua, wala wa kukinga yanayomwagika, ila aliyelifunga.

Delma, mfanyausafi wa wodi, ana mimba ya miezi minane. Akimaliza ndoo anachukua ufagio, anainama kwa kushika goti, anafagia kipande kidogo cha ardhi chini ya bomba lile.

“Wewe dada, siku hizi unafagia matope?” Sista Moro, muuguzi wa zamu, anamtania kutoka dirishani.

“Nafagia kwangu.”

“Kwako tangu lini?”

“Utaona.”

Aliyefunga jani ni Wagl, baba wa mumewe. Hospitali imesimama juu ya mashamba ya viazi vitamu ya ukoo wake. Serikali iliyachukua kwa ahadi ya fidia, na ahadi imezeeka kuliko mwenye kuahidiwa. Kila uchaguzi mgombea alikuja, akala nguruwe wa ukoo, akaapa, akaondoka na mafuta mdomoni. Mmoja wao ndiye aliyeleta tangi, jina lake limeandikwa kwa rangi nyeupe. Alipopata kiti hakuonekana tena. Wagl akaenda msituni, akakata jani, akafunga bomba. Likikauka, huleta jingine.

Wakubwa hawakuona kiu. Nyumba ya mkuu wa wilaya ina tangi lake, na halina jani. Wake zao wakikaribia kujifungua hupandishwa ndege kwenda mjini.

Delma alikuja kwa miguu, miaka miwili iliyopita, uchungu umemshika njiani. Wodini alikuta wazazi wengine wawili na ndoo moja ya maji ya mto. Mvua ilikuwa inanyesha kama leo, lakini mfereji ulikuwa haujaanza kuvuja; maji yote ya paa yaliingia tangini.

“Nalisikia lile tangi linamwagika, na mimi midomo imekauka,” anamsimulia mwandishi. “Nikamwambia mume wangu kupitia dirishani, Yalmai, nenda kafungue. Alikuwa na ndoo mkononi. Akasimama pale kama mti.”

Yalmai hakatai. “Ningegusa lile jani ningemvua nguo baba yangu mbele ya koo zote,” anasema, ameinamisha macho. “Ndugu zangu wangenifukuza. Nilikimbia mtoni. Mto ulikuwa umechafuka, nikarudi na tope.”

Mtoto alizaliwa, wa kiume, mnene, analia kwa nguvu. Sista Moro alimpokea kwa mikono aliyoinawa katika maji yaliyokwisha kuwapitia wale wengine wawili.

“Andika hivyo hivyo,” anasema muuguzi huyo. “Mikono yangu ilikuwa michafu, na nilijua. Ningefanya nini, nimwambie mtoto asubiri?”

Kitovu kikaanza kunuka. Homa ikamshika mama, ikamshika mtoto. Mama alipona. Mtoto alizikwa kabla wiki haijaisha, ndani ya bilum, mkoba wa kamba ambao Delma alikuwa ameusuka wa kumbebea.

Alipopata nguvu alirudi hospitali hiyo hiyo kuomba kazi ya kufagia. Hulipwa kina 280, pesa za nchi hiyo, kila wiki mbili, siku wakikumbuka kumlipa. Watu walimcheka, wakamwambia amerukwa na akili. Anasema alitaka kuwa karibu na lile bomba.

Ofisi ya wilaya ilipoulizwa kuhusu fidia, karani alijibu bila kuinua kichwa: “Suala linashughulikiwa.” Jibu hilo Wagl amelisikia tangu ndevu zake zikiwa nyeusi.

Mzee mwenyewe si mtu wa kelele. “Wananiuliza mimi kwa nini nimefunga,” anasema. “Mbona hawaulizwi wao? Mjukuu wangu nimemzika kwa mikono hii. Nikifungua leo, bure, yule mtoto atakuwa amekufa kwa ajili ya nini?”

Ni neno zito, na Delma alipolisikia alishika ufagio. Alianza kufagia chini ya bomba.

Asubuhi hii Wagl anakuja na jani bichi begani. Anamkuta mkwewe ameketi chini ya bomba, mgongo umeegemea tangi, anasuka bilum nyingine.

“Sogea, mama,” anasema mzee. “Lile limekauka.”

“Siwezi kusogea, baba. Nimeshapachagua.”

“Umepachagulia nini?”

“Uchungu ukinianza siingii wodini. Nitalala hapa hapa.”

Mzee anarudi nyuma hatua moja. Katika bonde hili mwanamume hakanyagi palipomwagika damu ya uzazi. Ikianguka hapa, si Wagl wala mwanawe wala wajukuu watakaoweza kukaribia bomba hili tena, iwe kwa kulifunga au kulifungua. Ardhi wanayoidai itakuwa imewakataa.

“Huwezi kuufanyia ukoo wako hivyo,” anasema polepole.

“Ukoo wangu ulinifanyia.”

“Serikali ndiyo—”

“Serikali najua, baba. Haijifungui mwezi ujao. Mimi ndiye.”

Wagl anatazama ardhi iliyofagiwa, safi kama sakafu ya nyumba. Anatazama tumbo. Anasimama hapo mpaka mvua inamlowesha, kisha anageuka na kwenda zake. Jani bichi bado liko begani.

Delma anarudi kwenye kamba zake. Akiulizwa anatumaini nini, anafikiri kidogo.

“Afungue mwenyewe, kwa mkono wake,” anasema. “Nataka mwanangu aogeshwe, basi. Mengine wataendelea kudaiana.”

Halafu anavuta ufagio karibu. Matone yamerusha tope mahali pake.